Kinda la Ndege Karibu na Nyumba

Wakati wa mvua ndege wengi hujenga viota na kutaga mayai, kwa sababu majira hayo wadudu huwa wengi na majani ya miti hustawi. Ndiyo maana majira hayohayo watoto huokota makinda chini ya miti. Pengine wewe pia umewahi kumwona mmoja. Je, ulifanya nini?

Soma habari hii ya Asha. Baadaye tutachunguza sababu za mambo yaliyotokea.

Nyuma ya jiko la kina Asha palikuwa na mlimau, na katika mlimau huo shore wawili walijenga kiota. Shore ni ndege mdogo mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kahawia, na manyoya ya manjano chini ya mkia. Kiota chake kina umbo la kikombe, nacho hujengwa kwa vijiti vyembamba na majani makavu. Kiotani mlikuwa na makinda watatu.

Asubuhi moja, baada ya usiku wa mvua na upepo, Asha alimkuta kinda mmoja chini ya mlimau. Alikuwa hana hata unyoya, macho yamefumba, na ngozi yake ilikuwa ya baridi. Mdogo wake Asha alikimbia kuleta kopo na uji wa maziwa.

"Usimpe uji," alisema babu yao. "Kwanza mtazameni. Ana manyoya?"

"Hana, babu," alijibu Asha.

"Basi bado ni wa kiotani. Mrudishe."

"Lakini babu, watu husema mama yake akisikia harufu ya mkono wangu atamtupa."

Babu akacheka. "Hata mimi niliambiwa hivyo nilipokuwa mtoto. Mrudishe, mjukuu wangu, kisha tukae mbali tuone."

Asha alimfunika kinda kwa viganja vyake mpaka akapata joto. Kisha akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akamweka kiotani polepole. Wote wakaenda kukaa barazani. Uji ulikuwa haujapoa shore mmoja aliporudi na kiwavi mdomoni, akaingia kiotani kama kawaida yake.

Sasa tuchunguze sababu. Kinda la shore huanguliwa likiwa kipofu na bila manyoya. Joto la mwili wa ndege mzima ni nyuzi 40 hivi za Selsiasi, au zaidi kidogo, lakini kinda asiye na manyoya hawezi kulihifadhi joto hilo. Huhitaji kulaliwa na mzazi wake. Kinda aliyepoa hawezi kusaga chakula, kwa hiyo joto huja kwanza, chakula baadaye.

Uji wa maziwa ungeweza kumwua. Ndege hanyonyi, na tumbo lake halisagi maziwa ya ng'ombe. (Njiwa huwalisha makinda wake kitu kinachofanana na maziwa, kitokacho katika mfuko wa chakula ulioko shingoni, lakini hayo si maziwa ya mnyama.) Isitoshe, nyuma ya ulimi wa ndege pana tundu dogo la kupitisha hewa iendayo mapafuni. Ukimtilia kinda maji au uji mdomoni, huingia katika tundu hilo. Maji anayoyahitaji huyapata katika wadudu anaolishwa.

Na harufu je? Shore hamtambui mtoto wake kwa harufu ya ngozi. Yeye hurudi kwenye kiota chake, husikia sauti, huona midomo iliyofunguliwa, naye hulisha. Kinachomzuia ni watu waliosimama chini ya mti. Wakikaa hapo muda mrefu, mzazi huogopa kurudi, na makinda hupoa.

Siku kumi zilipita. Mdogo wake Asha akaita tena, "Dada! Ameanguka tena!" Asha alikimbilia kinu. Lakini kinda wa safari hii alikuwa na manyoya na mkia mfupi, naye alirukaruka juu ya kuni.

"Ana manyoya, babu," alisema Asha, akasita.

"Basi hakuanguka. Ametoka mwenyewe. Ukimrudisha ataruka tena, na utawatisha wenzake."

Kinda wa namna hii hajui kuruka vizuri, lakini wazazi wake humfuata na kumlisha hapo chini kwa siku kadhaa. Watoto walimsogeza kutoka njiani, wakamweka kichakani, na paka wakamfungia ndani. Siku ya pili walihesabu makinda wawili tu. Karibu na ua palikuwa na manyoya machache ya kahawia. Kati ya makinda wa ndege wadogo, wengi hufa kabla ya kuwa ndege wazima.

Si ndege wote walio kama shore. Makinda wa kwale na kanga huanguliwa wakiwa na malaika mwilini na macho wazi, nao hutembea mapema. Ukimwona mmoja nyasini, mwache. Mama yake yu karibu.

Kinda aliyejeruhiwa, mweke katika boksi lenye matundu na nyasi kavu, mahali penye joto na utulivu, kisha umwarifu mwalimu au afisa wanyamapori. Usimfuge. Katika Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata wanyamapori bila kibali. Wala usimweke katika banda la kuku, kwa maana ndege wa porini na kuku huweza kuambukizana magonjwa kama kideri. Ukikuta ndege wengi waliokufa mahali pamoja, usiwaguse, bali mwite mtu mzima. Kila umshikapo ndege, nawa mikono kwa sabuni.

Maswali na kazi

1. Kwa nini Asha alimpasha kinda joto kabla ya kumrudisha kiotani?
2. Kinda wa kwanza alirudishwa kiotani, wa pili hakurudishwa. Eleza tofauti za miili yao.
3. Tafuta kiota karibu na nyumbani au shuleni. Kaa mbali, usikiguse. Kwa muda wa nusu saa, hesabu mara ngapi mzazi hurudi na chakula. Andika katika daftari lako.
4. Jirani yako ameokota kinda asiye na manyoya, na kiota hakifikiki. Jadilini darasani mtakalofanya.