SOMO LETU: POPO WA KIDIKE



Popo mkubwa wa Pemba hapatikani pahali pengine duniani. Mchana hulala katika miti mirefu. Usiku huruka kutafuta maembe, mashelisheli na makuyu. Mbegu anazozidondosha njiani huota miti ya msitu.

Zamani tulikuwa tukimwinda kwa bunduki na nyavu, na misitu ikikatwa. Kufika mwaka 1989 alikuwa karibu kwisha. Amri peke yake haimlindi, kwani askari hawezi kukesha chini ya kila mti.

Katika miaka ya 1990 wanavijiji walishirikishwa. Watu wa Kidike, katikati ya mikarafuu yao, waliunda jumuiya, wakakataza popo kuwindwa hapo, na wageni wanaokuja kutazama wakatozwa ada kwa faida ya kijiji. Popo akapata wenyewe. Hesabu ya mwaka 2007 ilionyesha zaidi ya 20,000 kisiwani kote.

Wako wanaonung'unika kwamba popo huwalia matunda. Manung'uniko hayo ni ya haki, na dawa yake ni barazani, si risasi.

Basi tumejifunza nini? Kwanza, mwenyeji ashauriwe kabla ya amri kutoka. Pili, faida imfikie. Tatu, yeye mwenyewe awe mlinzi.

Mwanachama ambaye popo wamelala shambani kwake, tunamsihi asiukate mti kabla ya kuzungumza na wenziwe. Mti huanguka kwa siku moja. Kuota kwake ni umri wa mtu.