Daraja Aliloandika Muuzaji Mwenyewe

Mwalimu mmoja wa Morogoro aliniandikia mwezi uliopita, kisha akaja mwenyewe ofisini na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na rupia ya Mjerumani ya mwaka 1890: upande mmoja Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia yenye tai juu yake, upande wa pili simba na mti wa mtende. Aliinunua katika mnada wa kundi la WhatsApp, ule unaofunguliwa saa tatu usiku na kufungwa saa nne kamili. Tangazo lilisema: "Rupia 1890, fedha halisi, UNC MS-65, haijawahi kuguswa. Hakuna kurudisha." Akashinda kwa shilingi 850,000, fedha aliyopokea zamu yake ya mchezo ilipofika. Alipoipeleka kwa mzee mmoja anayenunua sarafu za kale Kariakoo, mzee hakuishika hata dakika moja. "Hii imesuguliwa, mwanangu. Nitakupa laki moja."

Anauliza: nina haki yoyote hapa, au nimeshaliwa?

Haki unayo, Mwalimu, tena si moja. Lakini kabla ya sheria nataka wasomaji wote waione sarafu hii kama nilivyoiona mimi, maana barua za namna hii sasa zinanifikia kila mara na mtego ni uleule.

Tuliipeleka kwanza kwa sonara wa jirani. Rupia ya Mjerumani inatakiwa kuwa na gramu 11.66, na mizani ikakubali. Uzito peke yake hauthibitishi kwamba si bandia, lakini hapo ndipo watu wengi wanapotulia wakidhani wamesalimika. Kisha tukaiweka chini ya taa ya mezani na kuiinamisha taratibu. Sarafu ambayo haijawahi kutumika ina mng'ao unaotembea: ukiigeuza, mwanga unaizunguka kama mshale wa saa. Hii ya Mwalimu iling'aa sawasawa kila mahali, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Kwa kioo cha kukuzia tukaona mistari myembamba kama unywele, mamia kwa mamia, yote imelala upande mmoja. Manyoya ya yule tai wa kwenye kofia yalikuwa yamelainika hadi kufutika. Sarafu hii ilipita mikononi mwa watu miaka mingi, kisha mtu mmoja akaisugua, kwa ndimu na majivu au kwa dawa ya meno, ili ionekane mpya. Bibi zetu walisugua hivyo vyombo vya shaba na vikapendeza. Sarafu ukiisugua hivyo unaiua, na hakuna dawa ya kuifufua.

Sasa hiyo "MS-65". Namba hizi zinatoka Marekani. William Sheldon alizitunga mwaka 1949 kwa ajili ya senti za kale za shaba za huko, kuanzia 1 hadi 70, na leo zinatumika karibu dunia nzima. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kuzunguka mikononi mwa watu, na ndiyo maana ya "UNC". Ya 65 ni ile ambayo dosari zake unazitafuta kwa kioo. Kati ya rupia iliyosuguliwa na rupia ya 65, bei inaweza kupishana mara nane, mara kumi.

Swali ambalo Mwalimu hakuuliza, na ambalo watu karibu wote hawaulizi, ni hili: namba hiyo kaitoa nani?

Zipo kampuni zinazopima sarafu za watu wengine kwa malipo. Kubwa mbili ni PCGS, iliyoanza kazi mwaka 1986, na NGC, iliyoanza 1987. Wanaichunguza sarafu, wanaipa daraja, wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye namba yake ya kumbukumbu. Ikiwa imesuguliwa, hawaipi namba ya daraja kwa kawaida: wanaandika neno "Details" na kutaja kasoro. Namba ya kwenye tangazo la Mwalimu haikutoka huko. Aliiandika muuzaji, kwa kidole chake, akiwa na haja ya kuuza. Amevaa koti la daktari bila kusomea udaktari.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Nimeona picha ya kasha halisi iliyokatwa kwa ustadi ili neno "Details" lisionekane. Nimeona makasha ya kampuni yenye jina refu la Kiingereza, nembo ya dhahabu, kila sarafu imepewa 66 au 67, na namba ya simu ya kampuni ni ileile ya muuzaji. Nimeona kasha la kughushi lenye namba ya kweli iliyonakiliwa kutoka sarafu nyingine. Ndiyo maana kuiingiza namba kwenye tovuti ya kampuni na kuona "ipo" hakutoshi. Linganisha picha iliyopo pale na sarafu unayouziwa, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Na dhahabu ya Tabora, ile ya rupia 15 ya mwaka 1916 yenye tembo, nawasihi msiinunue kwa picha ya simu hata mkiambiwa inatoka kwa babu. Nakala zake ni nyingi mno.

Tuje kwenye sheria. Mwalimu alipolalamika, muuzaji alijibu kwa sauti ya WhatsApp, sekunde kumi na tisa: "Dada yangu, daraja ni maoni, kila mtu na jicho lake. Na tuliandika hakuna kurudisha." Sentensi hizi mbili ndizo zinazowanyamazisha watu. Zote mbili hazina nguvu anayozipa.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kifungu cha 15, inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, ni sharti la mkataba kwamba bidhaa itafanana na maelezo hayo. Mnada wa picha na maandishi ni mauzo ya maelezo hasa, kwa kuwa mnunuzi hana kingine cha kutegemea. Mtu anaweza kubishania kama sarafu ni 64 au 65. Hayo ndiyo maoni. Lakini "haijawahi kuguswa" si maoni. Ni jambo la kweli au la uongo, na hapa ni la uongo. "Hakuna kurudisha" nayo maana yake ni kwamba huwezi kubadili nia kwa sababu umeipenda nyingine. Haimpi muuzaji ruhusa ya kukuletea kitu tofauti na alichokuahidi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inagonga msumari wenyewe. Kifungu cha 15 kinakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au unaoelekea kupotosha, na cha 16 kinakataza kudai kwa uongo kwamba bidhaa ni ya kiwango, ubora, thamani au daraja fulani, au kwamba ina historia fulani. Daraja limetajwa humo. Kila nikimsikia muuzaji wa sarafu akisema daraja haliko kwenye sheria, natamani nimsomee kifungu hicho kwa sauti mbele ya wateja wake. Sheria hii inamhusu anayefanya biashara, na ni ya Tanzania Bara. Walioko Zanzibar wana sheria zao. Anayeendesha mnada kila Alhamisi hawezi kujificha kwenye kivuli cha "mimi ni mtu binafsi nauza kitu changu."

Mwalimu aliniambia pia kwamba aliyekuwa akishindana naye hadi 840,000 ni namba ya simu ambayo siku ya pili ilitangaza mnada mwingine kwa niaba ya muuzaji yuleyule. Huyo ni pandikizi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inasema kama haikutangazwa kwamba muuzaji ana haki ya kushiriki katika mnada wake, basi yeye au mtu wake hawaruhusiwi kupandisha bei, na mnunuzi anaweza kuyachukulia mauzo hayo kuwa ya ulaghai. Tafuta ujumbe ule wa siku ya pili, Mwalimu. Una thamani kuliko sarafu.

Lakini sitaki kumdanganya mtu kwamba sheria yetu iko sawa. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inakuruhusu kuuvunja mkataba ulioingia kwa kupotoshwa, kisha kifungu cha 19 kinakunyang'anya kwa mkono wa pili: kama ungeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, huuvunji. Na kifungu cha 17 kinasema kukaa kimya tu, bila wajibu wa kusema, si ulaghai. Maneno haya yametoka katika sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, enzi za mnunuzi kusimama sokoni akimpapasa farasi miguu na kumfungua mdomo kuona meno. Mwalimu wa Morogoro atapapasa nini kwenye kioo cha simu? Uangalifu wa kawaida ni upi, kwa mtu ambaye hajawahi kushika rupia nyingine ya kulinganisha? Kanuni hii inamlinda aliyepiga picha gizani na kumwadhibu aliyemwamini. Ibadilishwe kwa mauzo ya mtandaoni: aliye na kitu mkononi ndiye awe na wajibu wa kusema kasoro zake. Namshukuru Mungu kwamba utetezi huo haumfai aliyetamka uongo akijua ni uongo. Unamfaa aliyepotosha bila kujua, au aliyenyamaza. Kwa hiyo dai lako lisimame juu ya maneno "haijawahi kuguswa", si juu ya ile 65.

Na Tume ya Ushindani, FCC, isingoje mtu aibiwe mamilioni. Marekani, mwaka 1990, tume yao ya biashara iliifungulia shauri PCGS yenyewe kwa matangazo yaliyotia chumvi kuhusu upimaji wake, na likaisha kwa maafikiano. Kama kampuni inayoheshimika iliulizwa hivyo, hawa wa makasha ya nembo ya dhahabu wanaachwaje? Wenzetu wa Kenya walitunga Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo mwaka 2016: dai lisilozidi shilingi milioni moja za Kenya, na shauri linatakiwa limalizike ndani ya siku 60. Mtu aliyepoteza laki saba na nusu anahitaji mlango wa namna hiyo.

Mwalimu alikwenda polisi. Aliambiwa mambo mawili: kwanza kwamba hili ni la madai, pili kwamba kama anataka lifuatiliwe atoe hela ya mafuta na ya RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa polisi. RB hailipiwi. Haikuwahi kulipiwa. Anayekudai fedha ya RB anakuibia mara ya pili, na anaifanya kazi hiyo akiwa amevaa sare tuliyomnunulia. Muulize jina lake, kisha nenda kwa mkuu wa kituo. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 302, ila lazima uongo uwe juu ya jambo lililokuwepo au lililokwisha kutokea. "Haijawahi kuguswa" imo humo. Na kesi ya jinai haikuzuii kudai fedha yako kwa njia ya madai.

Cha kufanya sasa. Usichelewe: ukikaa na bidhaa muda mrefu bila kusema umeikataa, sheria inahesabu umeipokea, na hapo utabaki na dai la fidia ya tofauti ya thamani tu. Ujumbe wa kuikataa uwe wa maandishi, si wa kupiga simu. Usiisugue tena sarafu, usiipeleke kwa fundi, na wanaonunua zilizo kwenye kasha wasilifungue. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inapokea ujumbe wa simu kama ushahidi, lakini mahakama itapima umetunzwaje. Picha ya skrini pekee ina udhaifu. Tunza simu yenyewe, usifute kundi, usiuze simu hadi shauri liishe. Na ujumbe wa malipo wenye jina la aliyepokea: jina lile limesajiliwa kwa alama za vidole, hawezi kusema hamjui.

Walionunua kwenye minada ya nje wana njia fupi zaidi. eBay ina dhamana ya mnunuzi ya siku 30 tangu mzigo ufike, na PayPal inapokea malalamiko ndani ya siku 180 tangu malipo. Anayekuomba mtoke nje ya mfumo mkamalizane kwa kutumiana pesa moja kwa moja anakuvua kinga hiyo.

Na kijana wa Kilwa aliyeniuliza kama anaweza kuzipiga mnada sarafu ndogo za shaba alizookota ufukweni: hapana. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni masalia yanayolindwa, na za masultani wa Kilwa zimevuka mpaka huo kwa karne nyingi. Peleka taarifa ofisi ya mambo ya kale hapo Kilwa, na mwonyeshe afisa mahali ulipozipata.

Mwalimu, barua ya madai tumeiandika pamoja, ukurasa mmoja: kiasi, tarehe, maneno ya tangazo kama yalivyo, siku saba za kurudisha fedha, na sarafu iko tayari kurudishwa. Mzee wa Kariakoo amekubali kuja Mahakama ya Mwanzo kueleza alichokiona, ila ameomba isiwe Ijumaa.