SOMO: KUTOKUBALIANA NA MKUU WA KAZI



Vijana wetu wengi siku hizi hufanya kazi ya kutengeneza programu za kompyuta. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ina makao yake makuu papa hapa mjini. Katika kazi hiyo huzuka ugomvi ambao sisi wazazi hatuufahamu vizuri: kijana ataka programu iandikwe kwa lugha hii, meneja ataka ile. Mwisho kijana hununa, au huacha kazi.

1. Lugha hizi ni nini? Ni namna za kuandika maagizo ambayo kompyuta itayafuata. COBOL ilitungwa mwaka 1959 kwa hesabu za biashara na serikali, na hata leo mabenki mengi duniani huitegemea. Python ilitoka mwaka 1991, na Java mwaka 1995. Kazi moja yaweza kufanywa kwa lugha zaidi ya moja, kwa hiyo mara nyingi kila mmoja ana sababu yake.

2. Tuchague vipi? Mkulima wa Ugogo ajua. Mahindi ni matamu, lakini mvua zetu ni chache, hivyo mwenye busara hasahau uwele na mtama. Huuliza ni mbegu ipi itakayofika mavuno katika udongo huu. Nasi tuulize: kijana huyu akihamishwa, nani ataitunza programu? Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kazi ya kuhamishia hesabu zake kwenye mashine kushindikana. Wataalamu walikuwa wachache mno. Na leo mfumo wa DHIS2, ambao Wizara ya Afya hukusanyia takwimu za hospitali na zahanati, kiini chake kimeandikwa kwa Java. Atakayekirekebisha hana budi kuijua Java, hata kama aipenda Python zaidi.

3. Kijana afanye nini? Amwendee mkuu wake faraghani, si mbele ya wenzake. Aeleze siku zitakazotumika, gharama, na watu watakaoweza kuendeleza kazi. Aandike mfano mdogo ili uonekane kwa macho. Uamuzi ukishatolewa, afanye kazi kwa moyo wote. Lakini akiona siri za wagonjwa au fedha za watu zimo hatarini, asinyamaze. Aseme tena, kwa maandishi.

4. Na meneja? Asijibu, "Mimi ndiye mkubwa." Atoe sababu. Tena ajipime: je, aitetea lugha hiyo kwa kuwa yafaa, au kwa kuwa ndiyo aliyojifunza ujanani?

Wawili hawa wakishindana bila kusikilizana, anayeumia ni mama aliyekaa zahanati na mtoto mgongoni, ambaye jina lake halionekani kwenye mashine.

Maswali ya kuzungumzia:
(a) Kutii kuna tofauti gani na kunyamaza?
(b) Nyumbani kwetu, je, mdogo aweza kumpinga mkubwa kwa heshima akasikilizwa?