Maziwa Mepesi Si Maziwa Duni

Mwaka wa kwanza niliandika kwenye mtihani kwamba maziwa yenye mafuta kidogo ni duni. Nikala sifuri, na kwa kweli nilistahili.

Chukua maziwa ya farasi wa Mongolia, wanaolishwa kwa majani ya nyikani. Mafuta ni kama asilimia 1 hadi 2 tu. Ya ng'ombe yanakaribia 4. Protini ni kama 2, na ng'ombe ana zaidi ya 3. Ukiishia hapo utasema hayo ni maji! Lakini laktosi, yaani sukari ya maziwa, inapita asilimia 6, wakati ya ng'ombe haifiki 5. Ndiyo maana Wamongolia huyachachua kuwa airag: vijidudu hula sehemu ya sukari hiyo, na mtu mzima ambaye laktosi humsumbua tumbo hupata nafuu.

Sasa rudi kwenye yale mafuta kidogo. Majani mabichi yana asidi ya alfa-linoleniki, ya jamii ya omega-3. Ng'ombe akiyala, vijidudu vya tumbo lake la kwanza huibadilisha sehemu kubwa. Farasi hacheui. Kwake mafuta hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kabla majani hayajafika nyuma yanakochachuliwa. Kwa hiyo asidi hiyo hufika kwenye maziwa kwa wingi kuliko kwa ng'ombe.

Mafuta machache, ila ya aina yake. Siku hizi nikikuta jedwali la virutubisho, nasoma mistari yote kabla sijahukumu. Nawe fanya hivyo, mtihani uko karibu.