Kiota cha Povu

Mtu apitaye kando ya dimbwi hapa pwani wakati wa mvua huenda akaona fundo la povu jeupe juu ya tawi, akalidhania uchafu, akalipiga kwa bakora likaanguka. Katika somo hili twataka kueleza kilichomo ndani yake.

Yai la chura si kama yai la kuku. Halina ganda gumu. Limezungukwa na ute tu, nao ukipigwa na jua na upepo hukauka upesi, na kilichomo hufa. Ndiyo sababu vyura wengi hutaga majini. Walakini majini nako kuna wadudu walao mayai, na dimbwi lenyewe huweza kukauka.

Yuko chura wa mitini, ambaye wataalamu humwita Chiromantis xerampelina, apatikanaye tangu pwani yetu hata Afrika Kusini. Usiku jike hupanda tawi lililoinamia maji, akatoa majimaji mwilini na kuyapiga kwa miguu ya nyuma mpaka yakawa povu, mfano wa mpishi apigaye mayai. Madume, pengine zaidi ya mmoja, humsaidia. Kazi hiyo humpunguzia maji mwilini. Basi huteremka dimbwini akayavuta kwa ngozi yake, kwani chura hanywi kwa kinywa, kisha hurejea kazini. Mayai kwa mamia hutagwa ndani ya povu lile.

Kukisha kucha, upande wa nje hukauka ukawa gamba, nalo huzuia unyevu wa ndani usitoke. Weupe wake hurudisha sehemu ya mwangaza wa jua, na hewa iliyomo katika mapovu hupunguza joto lipitalo, tena huwapa watoto pumzi.

Baada ya siku 4 hadi 6 hivi, povu hulegea chini, na viluwiluwi hudondoka majini. Hapa ndipo penye hatari: kiota kikiwa kimeangushwa mapema juu ya ardhi kavu, au dimbwi likiwa limekwisha fukiwa kwa taka, kazi yote imepotea.

Basi tusifanye haraka kukidharau tusichokijua. Tuwaonye na watoto wetu waliache povu lile mahali pake. Siku chache tu zatosha, nao watajionea wenyewe maji yakijaa uhai.