Yakobo Anafunga Mizigo
Somo la mwezi: Mwanzo 31

Kabla ya kuendelea tafadhali isomeni sura hii yote. Twajua ni ndefu. Lakini ni habari ya mtu aliyekuwa kazini ugenini na sasa siku zake zimekwisha, na ni nyumba chache katika parishi zetu zisizo na binti au ndugu aliye katika hali hiyo.

Yakobo alivuka Yordani na fimbo tu. Kwa Labani alikaa miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya wale mabinti wawili, na 6 kwa ajili ya wanyama. Mchana jua lilimchoma, usiku baridi, na ujira wake ukabadilishwa mara kumi. Walio Uarabuni hawahitaji kufafanuliwa neno hilo.

Tuangalie alivyoondoka. Alingoja Labani aende kukata kondoo manyoya, akatoroka bila kuaga. Je, tumlaumu? Sisi hatuthubutu. Mwenyewe alisema aliogopa asije akanyang'anywa wake zake kwa nguvu. Mtu haendi kuaga mahali ambapo kuaga ni kufungiwa mlango.

Hapa wakati wetu una nafuu kidogo, nao vijana wapaswa kuijua. Tuchukue Qatar. Sheria namba 15 ya mwaka 2017 inampa mtumishi wa nyumbani aliyemaliza mwaka au zaidi kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa majuma matatu kwa kila mwaka. Basi wa miaka miwili anadai majuma sita. Tangu Januari 2020 hahitaji tena ruhusa ya mwajiri ili kutoka nchini, ila hana budi kumjulisha saa 72 kabla. Na mwajiri anayeizuia pasipoti ya mtu aweza kutozwa faini hadi riyali 25,000. Sheria kuandikwa ni jambo moja, na kufuatwa ndani ya nyumba iliyofungwa ni jingine. Hata hivyo anayejua haki yake huidai mapema, si usiku wa kwenda uwanja wa ndege.

Sasa twende kwa Raheli. Aliiba vinyago vya baba yake, akavificha katika matandiko ya ngamia na kuvikalia. Yakobo, bila kujua, akatamka kwamba atakayeonekana navyo asiishi. Hebu fikirini: alikuwa karibu kumhukumu mkewe mpendwa! Hatujui kwa hakika kwa nini alivichukua. Huenda alijiona anajilipa, maana yeye na Lea walikuwa wamelalamika kwamba baba yao amekwisha kula fedha yao. Ndivyo shetani anavyonong'ona hata leo: wamekupunja mshahara, chukua hata kibangili. Dada zetu, kibangili hicho ndicho kitakachowapeleka mahabusu, na madai yenu ya haki yatasahauliwa.

Na asiye na kosa je? Yakobo naye alipekuliwa, vyombo vyote vikapapaswa, hakikuonekana kitu. Ndipo akakasirika, akasema yote ya miaka 20 mbele ya ndugu wa pande mbili. Twaona alifanya vema kusema mbele ya mashahidi.

Liko jambo ambalo hatungetaka kulipita. Labani alilalamika kwamba hakupewa nafasi ya kuwabusu binti zake na wajukuu. Huenda alisema kwa hila, lakini busu la kuaga si jambo dogo. Mwenye kulea mtoto wa watu miaka miwili, akamfundisha kutembea, humwacha asubuhi moja naye mtoto hajui kwamba harudi. Machozi hayo msiyacheke arudipo.

Nasi tunaongoja nyumbani? Msafiri ametuma fedha kila mwezi, akaambiwa kiwanja kimenunuliwa. Je, kimenunuliwa? Wako waliorudi wakakuta fedha imekwenda kwa karo, kwa matibabu, kwa harusi, na mingine haijulikani ilikokwenda, na hakuna aliyewaambia. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, mpigie simu wiki hii, angali na mshahara mmoja mkononi na nafasi ya kuamua kama ataongeza mkataba au atarudi. Asisikie habari hiyo mbele ya majirani waliokuja kumpokea, huku wewe ukifungua sanduku lake kutafuta zawadi.

Katika kikao kijacho cha vikundi tutasoma sura ya 32, Yakobo akikaribia nyumbani naye anaogopa.