Jengo Kubwa Kuliko Mtaa: Wakaaji wa Makiso Wafanye Nini?

Katika kartie za zamani za komini ya Makiso, hapa Kisangani, bado zimesimama nyumba za enzi mji ulipoitwa Stanleyville: veranda pana, dari ya juu, mwembe uani. Nyumba ya namna hiyo ikiuzwa leo, mara nyingine mnunuzi hana haja nayo hata kidogo. Anachotaka ni kiwanja. Bati zinazungushwa, mwembe unakatwa, halafu mtaa unasikia kwamba patapanda ghorofa sita za kupangisha. Hapo ndipo majirani wanapoanza kuitana.

Wengi huanza na historia. Stanley alianzisha kituo chake hapa mwaka 1883. Lumumba alifanya kazi kwenye posta ya mji huu. Ni kweli tupu, na inafaa isemwe. Ila historia peke yake haizuii lori la mchanga. Congo ina maeneo matano katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na yote ni hifadhi za asili. Hifadhi ya Okapi ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Mtaa wala mji haumo hata mmoja. Sheria ya ndani ipo, ile ya tarehe 15 Machi 1971 ya kulinda mali za utamaduni, lakini ulinzi wake mkubwa huangukia mali iliyokwisha kuorodheshwa rasmi. Kwa hiyo ulizeni kwanza kama nyumba imo. Kama haimo, ombeni iingizwe, na mkumbushe kifungu cha 46 cha Katiba kinachoilazimu Serikali kulinda urithi wa utamaduni wa taifa. Kisha msikae kungoja jibu. Udhaifu wa mjenzi, kama upo, utaonekana kwenye karatasi zake.

Karatasi ya kwanza ni permi ya kujenga. Utaratibu wake umewekwa na agizo la waziri la tarehe 26 Juni 2013. Nendeni kwenye divisheni ya mkoa ya mipango miji na makazi, ile ambayo watu huiita Urbanizimu tu, mkaulize: permi ina namba gani, ilitolewa lini, nani alitia sahihi, na ni ya ghorofa ngapi? Swali la sahihi si dogo. Anayeruhusu nyumba ya chini si lazima awe na uwezo wa kuruhusu jengo refu, na permi iliyotolewa na asiye na uwezo huo inaweza kubatilishwa. Swali la ghorofa nalo lina mavuno yake, kwa sababu mtu anaweza kuomba ruhusa ya ghorofa mbili akaendelea kupanda huku kila mtu akidhani ruhusa ipo.

Karatasi ya pili ni ya ardhi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali. Mtu hupewa haki ya kuitumia, na haki hiyo huthibitishwa na sertifika ya uandikishaji, si na karatasi ya mauzo iliyoandikwa mbele ya mashahidi wawili. Hapa pana jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamekwisha chelewa: miaka miwili ikipita tangu sertifika itolewe, inakuwa vigumu mno kuitikisa, na mwenye malalamiko hubaki akidai fidia tu. Lakini ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma, kama bustani, uwanja wa shule au njia, haiwezi kugawiwa mtu kabla haijaondolewa rasmi katika matumizi hayo. Mkikuta jengo limemeza kipande cha uwanja wa shule, hapo mna kesi nzito kuliko hoja yoyote ya uzuri wa veranda.

Halafu kuna maji. Mtaa uliopangwa kwa nyumba moja kila kiwanja, na mitaro yake ikachimbwa kwa kipimo hicho, hauwezi kubeba familia thelathini bila kazi mpya ya mitaro, vyoo, bomba za REGIDESO na nyaya za SNEL. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka mradi unaoweza kuathiri mazingira ufanyiwe uchunguzi wa athari, na wananchi waulizwe kabla. Ulizeni kama wakala wa mazingira wa Serikali ulipelekewa faili. Pigeni picha za mtaro siku ya mvua kubwa, tarehe ikionekana. Hakimu hatakuja Makiso mvua ikinyesha.

Mkishapata majibu, au mkinyimwa, andikeni. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mcongo haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake, na mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Barua iwe fupi, iende kwa meya na Urbanizimu, nakala kwa burgumestri na chefu wa kartie. Kila nakala irudi na muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni sawa na maneno ya barabarani. Wekeni sahihi za wenye viwanja na za wapangaji pia. Mkitaka kuandamana, kifungu cha 26 kinataka waandaaji waarifu mamlaka kwa maandishi kwanza.

Kuhusu mahakama, tafuteni wakili mapema, kwa maana muda wa kupinga permi unahesabika kwa miezi. Kwa kawaida lazima kwanza muiombe mamlaka iliyotoa permi iifute, ndipo mwende mbele ya hakimu. Sheria ya mahakama za utawala ya tarehe 15 Oktoba 2016 inaruhusu pia kuomba utekelezaji usimamishwe kwa haraka. Na ukuta wako ukipasuka kwa uchimbaji wa jirani, kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria za kiraia kinamtaka aliyeleta hasara ailipe. Hilo halihitaji permi iwe mbovu.

Zanzibar inafundisha kwa nini haraka ni muhimu. Mji Mkongwe umo katika orodha ya UNESCO tangu 2000, una mamlaka yake ya hifadhi, na dunia inautazama. Hata hivyo, jengo la kale la Mambo Msiige lilipogeuzwa hoteli na kuongezewa jengo jipya kubwa pembeni, malalamiko ya Kamati ya Urithi wa Dunia hayakuzuia hoteli kufunguliwa mwaka 2015. Zege likishaganda, ni nadra mtu kubomoa. Kisangani haina hata nusu ya ngao hizo.

Sisemi kila ghorofa ni adui. Mji unakua na watu wanahitaji pa kulala. Mara nyingi ombi lenye nafasi ya kukubaliwa ni la kupunguza ghorofa, kusogeza jengo nyuma na kuchimba mtaro kwa gharama ya mjenzi. Lijadilini hilo mtaani, mchague watu watatu wa kusema kwa niaba yenu, na wiki hii hii waende Urbanizimu kuuliza namba ya permi.